Wanaoteleza kwenye mawimbi makubwa: ni kweli hawaogopi kufa?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Juzi kijana wangu wa miaka 15 alinionyesha video. Mtu amesimama juu ya ubao, anateremka kwenye wimbi refu kama jengo la ghorofa nane, nyuma yake maji yanaporomoka. Mbele kuna ngome ya zamani yenye taa nyekundu, na watu wamejaa juu ya paa. Nimeitazama mara tatu na bado sielewi. Mchezo huu umetoka wapi? Mtu anaingiaje kwenye wimbi la namna ile na kutoka mzima? Kijana anasema ni wazimu wa Wazungu waliochoka kuishi. Ni kweli hao watu hawaogopi?

Jibu: Marahaba. Kwa ngome hiyo yenye taa nyekundu nimeshapatambua mahali penyewe. Hapo ni Nazaré, mji wa wavuvi katika pwani ya Ureno, na ufukwe ulio kaskazini ya ngome unaitwa Praia do Norte. Nitarudi huko, lakini siwezi kuanzia huko, maana Nazaré ni sura ya mwisho ya habari ndefu.

Kijana wako amekosea mambo mawili. Mchezo huu haukuanzia kwa Wazungu, na wanaoucheza wanaogopa sana. Wanauzungumzia woga kwa utulivu uleule ambao fundi seremala anauzungumzia msumeno: ni kitu cha kazi, ukikidharau kinakukata. Na katika miaka yote niliyofuatilia historia yao nimeona jambo moja likijirudia. Karibu kila hatua kubwa waliyopiga ilitanguliwa na mtu aliyezama, au aliyeponea chupuchupu, na wenzake wakaapa kwamba safari nyingine hatakosa wa kumfuata.

Tuanzie Hawaii. Wenyeji wa visiwa vile, Wapolinesia waliovuka bahari kuu kwa mitumbwi, waliuita mchezo huu he'e nalu, kuteleza juu ya wimbi, na waliucheza karne nyingi kabla meli ya kwanza ya Ulaya haijafika kwao mwaka 1778. Walicheza wanaume, wanawake na watoto, machifu na watu wa kawaida. Ubao wa watu wengi ulikuwa alaia, mwembamba na mwepesi kiasi. Ule mrefu, olo, ulikuwa wa machifu. Katika Makumbusho ya Bishop mjini Honolulu zimehifadhiwa mbao za chifu Abner Paki wa karne ya 19, ndefu zaidi ya mita 4, na uzito wake unakaribia kilo 70. Hebu fikiria kuubeba ubao kama huo mpaka majini, halafu uugeuze mbele ya wimbi linalokuja.

Karne ileile ya 19 nusura iuzike mchezo wenyewe. Maradhi yaliyoletwa na meli yaliwaua Wahawaii kwa wingi wa kutisha. Kutoka mamia ya maelfu walibaki hawafiki elfu 40 ilipofika mwaka 1900. Wamisionari waliofika 1820 nao hawakuupenda mchezo wa watu waliovaa kidogo na kuwekeana dau. Fukwe zikabaki kimya. Aliyeurudisha machoni pa dunia ni Duke Kahanamoku, Mhawaii aliyeshinda dhahabu ya kuogelea kwenye Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912. Alikoalikwa kuogelea, Marekani bara mpaka Australia, aliwaonyesha watu ubao. Kwa hiyo Wazungu wa mchezo huu ni wanafunzi. Mwalimu alikuwa mtu mweusi wa nywele na mpana wa mabega kutoka Waikiki.

Mawimbi ya kutisha hasa yalianza kufuatwa kwa makusudi miaka ya 1930, na kikwazo cha kwanza kilikuwa ubao. Mbao za siku zile zilikuwa nzito, zenye mkia mpana usio na pezi. Kwenye mteremko mkali mkia uliteleza pembeni na kumwaga mtu. Mwaka 1937, baada ya kumwagwa mara nyingi kupita kiasi, vijana wa Honolulu wakiongozwa na John Kelly walichukua shoka, wakauchonga mkia wa ubao mmoja mpaka ukawa mwembamba, wenye tumbo la umbo la V kama mkuku wa mashua. Ubao ukashika. Sasa waliweza kukata kwa mshazari kwenye ukuta wa maji badala ya kuteremka moja kwa moja na kuangukiwa. Wakaupeleka Makaha, magharibi ya kisiwa cha Oahu, na baadaye pwani ya kaskazini.

Pwani hiyo ya kaskazini ndiko lilikotokea jambo ambalo kila mtu wa mchezo huu analijua. Desemba 22, 1943, Woody Brown na kijana wa miaka 17, Dickie Cross, waliingia majini Sunset Beach. Wakiwa ndani, bahari ikapanda. Ndiyo tabia ya pwani ile majira ya baridi: dhoruba iliyo maelfu ya kilomita huko kaskazini inatuma mawimbi ambayo kwenye kina kirefu hayaonekani, unayajua yanapoinuka mbele ya uso wako. Kila kundi la mawimbi lilivunjika mbali zaidi kuliko lililotangulia, mpaka njia ya kurudi ikafungwa. Wakaamua kubaki nje kabisa na kupiga mikono, wamelala kifudifudi juu ya mbao zao, kuelekea ghuba ya Waimea, karibu kilomita 5, kwa sababu katikati ya ghuba ile kina ni kirefu na huenda wangepata mlango. Walifika jua likizama. Waimea nayo ilikuwa imefunga, ukuta mmoja wa povu kutoka upande hadi upande. Cross alijaribu kuingia, akanaswa. Brown naye alipoteza ubao wake. Kilichomwokoa ni kitu kimoja: kila wimbi lilipokuja alizamia chini kadiri alivyoweza, akaliacha lipite juu yake, akaibuka, akasubiri jingine. Likamsogeza hili, likamsogeza lile, mpaka bahari ikamtupa mchangani giza likiingia. Cross hakuonekana tena. Hapakuwa na mlinzi wa ufukwe wala chombo chochote cha kuwafuata.

Kwa miaka 14 Waimea iliogopwa. Watu walipita barabarani, wakasimamisha gari, wakatazama, wakaondoka. Mwaka 1953 picha ya wanaume watatu wakiteremka pamoja kwenye wimbi la Makaha ilichapishwa magazetini Marekani, na vijana wa California wakaanza kuhamia Oahu, wakilala kwenye magari na kula samaki waliowavua wenyewe. Mmoja wao, Greg Noll, alikuwa na miaka 20 alipoingia Waimea na wenzake wachache Novemba 7, 1957. Waligundua kwamba wimbi lile linatelezeka. Walikuwa na mbao za aina mpya, ndefu, zilizochongoka mbele na nyuma, zenye pezi. Ziliitwa bunduki, kwa hoja kwamba huwezi kumwendea tembo na silaha ya kuwindia ndege. Jina hilo linatumika mpaka leo.

Hapa niingize neno juu ya vipimo, maana utayasikia. Mhawaii akisema wimbi ni la futi 20, yeye amelipima kwa mgongo, upande wa bahari kuu. Uso wake, ule anaoteremka mtu, unakaribia mara mbili ya hapo, yaani mita 12 hivi. Dunia nzima inapima uso. Watu wengi hukasirishwa na kipimo hiki. Mimi nakipenda. Kimezaliwa na watu walioona kwamba kutia chumvi juu ya bahari ni utovu wa adabu.

Sasa mtu ambaye bila yeye mchezo huu ungekuwa na roho nyingine. Eddie Aikau alizaliwa Maui mwaka 1946. Mwaka 1968 mji wa Honolulu ulimwajiri awe mlinzi wa kwanza wa fukwe za pwani ya kaskazini, na kituo chake kikawa Waimea. Zana zake zilikuwa ubao, mapezi ya kuvaa miguuni na macho yake. Aliingia majini siku ambazo hakuna mwingine aliyethubutu, akatoa mamia ya watu, na inaelezwa kwamba hakuna hata mmoja aliyekufa akiwa katika zamu yake. Hapohapo alikuwa mtelezaji bora wa Waimea wa kizazi chake. Mambo hayo mawili ndani yake yalikuwa moja: alilijua wimbi kwa sababu alilicheza, na kwa kulijua aliweza kuingia kumtoa mgeni aliyeingia bila kujua.

Machi 1978 alijiunga na mabaharia wa Hōkūle'a, chombo kilichojengwa kwa mfano wa mitumbwi ya wahenga wao, kilichokuwa kikielekea Tahiti kwa kuongozwa na nyota. Usiku wa kwanza kilipinduka katika bahari yenye upepo mkali. Asubuhi, watu wakiwa wamening'inia kwenye mgongo wa chombo, Eddie alichukua ubao wake na kupiga mikono kuelekea kisiwa cha Lanai kutafuta msaada. Wenzake waliokolewa siku hiyohiyo. Yeye hakupatikana kamwe. Alikuwa na miaka 31.

Mashindano yanayobeba jina lake hufanyika Waimea, na hayana tarehe. Kila msimu wa baridi walioalikwa hukaa wakisubiri, na yakikosekana mawimbi ya futi 20 kwa kipimo cha Hawaii, mwaka unapita bila mashindano. Wenyewe husema ghuba ndiyo inayoita. Tangu yaanzishwe katikati ya miaka ya 1980 hadi mwisho wa 2024 yalifanyika mara 11 tu. Nani mwingine katika michezo ya leo angekubali kusubiri zaidi ya miaka sita, kama walivyosubiri kati ya 2009 na 2016, kwa heshima ya mtu mmoja?

Umeuliza mtu anatokaje mzima. Kwanza ujue kinachompata akianguka. Wimbi likishampiga linamvuta juu tena pamoja nalo na kumbwaga mara ya pili. Kisha giza. Povu limejaa hewa kiasi kwamba mikono haipati maji ya kusukuma. Ni kama kuogelea ndani ya sabuni. Hujui juu ni wapi. Ngoma ya sikio ikipasuka ni balaa zaidi, kwani kichwa kinazunguka na juu inakuwa kila mahali. Wapo waliojiokoa kwa kushika kamba iliyofunga mguu wao na ubao, wakaipanda kama mkwezi mkono baada ya mkono, kwa kuwa ubao unaelea na kamba lazima iishie kwenye hewa.

Muda wenyewe si mrefu kama watu wanavyodhani. Mara nyingi ni sekunde 15 mpaka 30. Lakini mtu huyu ameanguka akiwa anahema, moyo unakwenda mbio, na misuli inakula oksijeni. Methali yetu yasema mfa maji haachi kutapatapa, na waokoaji wote wanajua ni kweli. Mtelezaji wa mawimbi makubwa anatumia miaka kujifunza kuacha. Anajikunja, anafunika kichwa, analegeza mwili, anaacha bahari imzungushe kama nguo. Ile hamu kali ya kuvuta pumzi inaletwa zaidi na kaboni dioksidi inayojaa kwenye damu kuliko na kupungua kwa oksijeni, na hamu hiyo inaweza kuzoeshwa. Wa Hawaii huzamia wakiwa wamekumbatia jiwe zito na kukimbia nalo juu ya mchanga wa chini.

Nikuombe kitu kama mzazi: kijana wako akitamani kujaribu kuzuia pumzi majini, asifanye hivyo kamwe akiwa peke yake, hata kwenye bwawa la kina kifupi. Ubongo unaweza kuzimika bila dalili yoyote, na mtu anazama kimya. Mabingwa wenyewe huwa na mtu anayewatazama.

Kinachotisha kuliko vyote ni kushikwa chini na mawimbi mawili: la kwanza halijakuachia na la pili limefika. Desemba 23, 1994, Mark Foo, mmoja wa watelezaji maarufu wa Hawaii, alisafiri usiku kucha mpaka Mavericks, karibu na Half Moon Bay, California. Maji ya Mavericks ni baridi, yana miamba, na kwa karibu miaka 15 yalikuwa na mtu mmoja tu, Jeff Clark, aliyeanza kuyateleza mwaka 1975 akiwa na miaka 17 na hakupata wa kumsadiki. Foo alianguka kwenye wimbi ambalo halikuwa kubwa kuliko mengine ya siku ile. Wapiga picha walikuwepo, boti zilikuwepo, wenzake walikuwepo. Zaidi ya saa moja ilipita kabla mwili wake haujaonekana ukielea. Kila aliyekuwepo alidhani ametoka upande mwingine.

Hilo la watu wote kuwepo na hakuna aliyehesabu ndilo lililowauma. Leo siku ya mawimbi makubwa utakuta mtu juu ya jabali mwenye darubini na redio, kazi yake ni kumtazama mtu wake tu, tangu anaanza mpaka anatoka.

Mwaka 2010, palepale Mavericks, Shane Dorian wa Hawaii alishikwa chini na mawimbi mawili, akaibuka nusu mfu. Alirudi nyumbani akiwa na wazo, na kwa msaada wa mafundi wa vifaa vya kuokolea akapata vazi jembamba lenye vichupa vya gesi: ukivuta kamba linajaa na kukupandisha. Machi 2011 Sion Milosky alikufa Mavericks, naye akiwa ameshikwa na mawimbi mawili. Baada ya hapo hakuna aliyeliona vazi lile kuwa la waoga. Leo karibu kila mtu analivaa.

Turudi kwenye wimbi lenyewe, kwa sababu bila kulielewa hutaelewa kwa nini watu hawa walianza kutumia pikipiki za majini. Kasi ya wimbi kwenye kina kirefu inatokana na sekunde zinazopita kati ya kilele na kilele. Upepo wa kawaida hutoa mawimbi ya sekunde 6 au 7. Dhoruba kubwa inayovuma siku kadhaa juu ya eneo pana la bahari hutoa ya sekunde 18 hadi 20, na hilo la sekunde 20 lina zaidi ya mita 600 kutoka kilele hadi kilele, na vilele vyake vinakimbia zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Likifika kwenye kina cha mita 300 hivi linaanza kuihisi sakafu ya bahari. Linapunguza mwendo, linajikusanya, linapanda. Kina kikikaribia kimo chake lenyewe, miguu inakwama na kichwa kinatangulia. Hata hapo bado linakwenda mbio. Mtu anayepiga mikono kwa nguvu zake zote hafikii hata mwendo wa mkimbiaji wa polepole, kwa hiyo likishapita kimo fulani linampita chini yake kabla hajalidaka, au linamchukua akiwa amechelewa na kumtupa kutoka juu.

Mwishoni mwa 1992 Laird Hamilton, Buzzy Kerbox na Darrick Doerner walijaribu kuvutana kwa boti ya mpira yenye injini, nje ya pwani ya kaskazini ya Oahu. Ikawezekana. Punde wakaingia kwenye pikipiki za majini na kuhamia Pe'ahi, Maui, wimbi lililopewa jina la Taya. Kwa kuwa sasa kasi ilitoka kwenye injini, ubao haukuhitaji tena kuwa mrefu wa kuelea. Ukakatwa mpaka karibu na kimo cha mtu, ukafungwa mikanda ya miguu. Agosti 17, 2000, Hamilton alivutwa kwenye wimbi la Teahupo'o, Tahiti, nene kiasi kwamba ni kama bahari nzima ilikuwa inakunjika juu ya mwamba, na waliokuwa wakisema hili haliwezekani wakanyamaza.

Ukazuka ubishi ambao haujaisha. Wengine husema ukivutwa na injini hujaliteleza wimbi, umebebwa. Karibu mwaka 2010 kundi la watu, wakiwemo Wabrazili watatu walioishi Hawaii, walirudisha kupiga mikono huko Pe'ahi kwenye mawimbi yaliyodhaniwa ni ya injini tu. Moyo wangu uko upande wao, kwa sababu anayeingia kwa mikono yake anachagua wimbi moja na kulilipia. Hata hivyo injini ilileta kitu kimoja ambacho hakina ubishi: aliyekuvuta ndiye anayegeuza chombo kuja kukuchukua. Walinzi wa fukwe za Hawaii, Brian Keaulana wa Makaha akiwa mstari wa mbele, walifunga kitanda cha kuelea nyuma ya pikipiki, mtu aliyechoka akajitupa juu yake na kuondolewa kabla wimbi linalofuata halijafika. Laiti Cross angekuwa na sekunde kumi za chombo kile.

Na sasa Nazaré. Mbele ya ule mji kuna korongo chini ya bahari lenye urefu wa zaidi ya kilomita 200, na kina chake upande wa bahari kuu kinakaribia mita 5,000. Kichwa chake kinafika karibu kabisa na ufukwe. Wimbi linalopita juu ya korongo linabaki na mwendo wake, maana halijahisi sakafu. Lile linalopita kando, juu ya sakafu ya kina kifupi, linachelewa. Kwa hiyo sehemu ya korongo inapinda na kukutana na sehemu iliyochelewa, mbele ya Praia do Norte, na vilele viwili vinapandana. Mkondo unaotoka ufukweni nao unaingia chini yake na kulisimamisha zaidi. Ukiwa juu ya paa la ngome unaona vilele hivyo viwili vikija kutoka pande mbili tofauti kama watu walioahidiana, kisha vinakuwa kimoja chenye ncha. Ardhi inatetemeka chini ya viatu. Wenyeji waliujua ufukwe huo miaka yote kama mahali pa kukaa mbali napo. Wajane wa wavuvi waliovaa nyeusi ni sehemu ya historia ya mji ule.

Garrett McNamara wa Hawaii aliitwa na watu wa Nazaré, akafika 2010, akatumia muda mwingi kuchunguza ramani za kina kabla ya kuingia. Novemba 1, 2011 aliteleza wimbi la mita 23.8, rekodi ya dunia wakati huo. Mbrazili Rodrigo Koxa akafika mita 24.4 mwaka 2017. Oktoba 29, 2020 Mjerumani Sebastian Steudtner aliteleza lile la mita 26.21, lililothibitishwa na Guinness, watunza rekodi za dunia, mwaka 2022. Hupimwa kwa picha: wataalamu huchukua sehemu ya mwili wa mtelezaji yenye urefu unaojulikana, mara nyingi muundi, wakaigeuza rula. Ndiyo sababu uthibitisho huchukua miezi.

Rekodi zinapendwa na magazeti. Mimi siku ya Nazaré ninayoikumbuka zaidi ni Oktoba 28, 2013. Maya Gabeira wa Brazil alivutwa na mwenzake Carlos Burle kwenye wimbi kubwa mno. Ubao ulimrusha, mara moja, mara mbili, mfupa wa mguu ukavunjika, akaanguka. Mawimbi yaliyofuata yakampitia na vazi la kumwelesha likamtoka. Burle alimtafuta kwenye povu, akampoteza, akamwona, akamtupia kamba. Maya aliishika kamba hiyo, akavutwa kidogo, kisha akapoteza fahamu na mkono ukaachia. Burle akaiacha pikipiki, akajitosa, akamburuta mpaka mchangani, na hapo wakamkandamiza kifua mpaka akatapika maji na kupumua.

Upasuaji wa mgongo ulifuata, mara zaidi ya moja. Wakati huohuo wapo mabingwa waliosema hadharani kwamba hakustahili kuwepo pale. Januari 2018 alirudi palepale na kuteleza mita 20.7, na kwa kuwa hapakuwa na kumbukumbu ya rekodi ya wanawake ilibidi akusanye saini za watu mpaka Guinness wakaianzisha. Februari 2020 aliteleza mita 22.4, kubwa kuliko wimbi la mwanamume yeyote lililopimwa msimu ule. Kule California nako wanawake wanne, Bianca Valenti, Andrea Moller, Keala Kennelly na Paige Alms, walikwenda mbele ya mamlaka ya pwani wakataka Mavericks isipewe kibali cha mashindano bila wanawake na bila zawadi sawa. Mwaka 2018 shirika la dunia la mchezo huu likatangaza zawadi sawa katika mashindano yake yote. Kwa mchezo ambao huko ulikozaliwa wanawake waliucheza tangu mwanzo, ilikuwa ni kurudishiwa haki iliyopotea njiani.

Sitaki uone kama kila kitu kimeshapatiwa dawa. Januari 5, 2023, Márcio Freire, mmoja wa wale Wabrazili watatu wa Pe'ahi, alikufa Nazaré akiwa na miaka 47. Vyombo vilikuwepo, waokoaji walikuwepo. Wenzake walifanya kama inavyofanywa kila mmoja wao anapokufa: waliingia majini na mbao zao, wakakaa duara, wakashikana mikono, wakatupa maua katikati na kuyapigia maji kelele.

Ukitaka kumjibu kijana wako kwa habari moja tu, mpe hii. Siku 17 baada ya kifo hicho, Januari 22, 2023, ghuba ya Waimea iliita, kwa mara ya kwanza tangu 2016. Kwa mara ya kwanza pia walioshindana walikuwa na wanawake kati yao. Miongoni mwa walioalikwa alikuwa Luke Shepardson, mlinzi wa fukwe za pwani ya kaskazini, kazi ileile aliyoianza Eddie, na siku hiyo alikuwa zamu. Aliomba ruhusa ya muda wa mapumziko, akavaa fulana ya mashindano, akapiga mikono hadi nje, akateleza, akarudi, akavaa tena sare. Baadaye akarudia hivyohivyo. Akawashinda mabingwa wote walioalikwa. Alipofuatwa na waandishi wa habari hakukaa nao sana. Aliwaambia inabidi arudi kwenye mnara, watu wawe salama mpaka siku iishe.